Cheche za Bunduki ya Gumegume

Bunduki za zamani za Ulaya ziliwashwa kwa jiwe gumu lililobanwa katika taya za mtambo. Wengi hudhani ya kuwa jiwe ndilo litoalo moto, sivyo. Jiwe hukwaruza chuma cha pua, na chembe za chuma huwaka hewani, zikaangukia baruti. Basi askari aliyekosa cheche mbele ya adui alikuwa hatarini. Alitazama kwanza makali ya jiwe, akafuta mafuta juu ya chuma, akakaza ngozi iliyoshika jiwe lisitikisike. Cheche zikikosekana bado, chuma kilikuwa laini mno: fundi alikitia motoni hata kikawa chekundu, akakizamisha majini kiwe kigumu. Mawe mazuri yalichongwa Brandon, Uingereza, yakapelekwa hata Afrika.