Je, Wajua? Majimaji ya Songea, Timu Yenye Jina la Vita

Je, wajua kwamba Songea kuna klabu ya soka iliyochukua jina la vita? Klabu nyingi nchini Tanzania zimejiita kwa mnyama, mji, kiwanda au jeshi. Majimaji imejiita kwa vita vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia Nandete kwenye milima ya Umatumbi pale wakulima walipong'oa pamba ya Mjerumani, vikasambaa kusini yote. Wangoni wa Songea waliingia vitani Septemba 1905. Uwanja wa nyumbani wa timu nao unaitwa Majimaji, kwa hiyo kila mechi ya nyumbani jina hilo husikika jukwaani na hata kwenye tiketi.

Je, wajua kwamba mji wenyewe umepewa jina la mtu aliyenyongwa? Nduna Songea Mbano alikuwa miongoni mwa viongozi wa kivita wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji zaidi ya 60 hapa hapa mjini na kuwazika katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea alinyongwa siku chache baadaye. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, naye akakataa kubaki duniani ilhali wenzake wameshatangulia. Kaburi lake liko peke yake, na ukoo wake umeshikilia miaka yote kwamba alizikwa bila kichwa, kwa kuwa kichwa kilipelekwa Ujerumani. Kila tarehe 27 Februari Songea hukumbuka mashujaa hao. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wao, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna.

Si wote walionyongwa. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, alipigana hadi akalazimika kuuvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akauawa huko. Jambo hili halisemwi sana, nami naona lingestahili kusemwa zaidi.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya bahari ya Atlantiki kuna timu yenye historia inayokaribiana mno na hii, nayo inacheza hoki ya barafuni? Ni Chicago Blackhawks, iliyoanzishwa mwaka 1926. Mmiliki wake wa kwanza, Frederic McLaughlin, aliipa jina la divisheni ya jeshi la Marekani aliyoitumikia katika Vita Kuu ya Kwanza, na divisheni hiyo ilikuwa imeitwa kwa jina la Black Hawk, kiongozi wa Wasauk aliyepigania ardhi ya watu wake mwaka 1832 na kushindwa. Alifariki mwaka 1838. Mwaka uliofuata kaburi lake lilifukuliwa na mifupa yake ikaibwa. Baadaye iliwekwa kwenye jengo la makumbusho huko Burlington, Iowa, na jengo hilo likateketea kwa moto mwaka 1855. Nduna Songea na Black Hawk: wapiganaji wawili, mabara mawili, na wote wawili walinyimwa hata kulala salama kaburini.

Tofauti iko kwa aliyetoa jina. Chicago, jina la mzalendo wa Wasauk lilipita kwanza mikononi mwa jeshi la wale wale waliomshinda, kisha likafika kwa tajiri mwenye timu. Ndiyo maana hadi leo Wamarekani wanabishana kuhusu jina hilo na ile picha ya kichwa iliyo kifuani mwa jezi. Songea, jina wamelitoa watoto na wajukuu wa waliopigana. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu timu hii, kubwa kuliko hata vikombe.

Lakini vikombe navyo vipo! Je, wajua kwamba Majimaji imekuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mara tatu: 1985, 1986 na 1998? Ligi hiyo ilianza mwaka 1982 na ilikutanisha timu bora za Bara na za Visiwani. Simba na Yanga walikuwemo. Zanzibar ilikuwa na KMKM, bingwa wa 1984, mwaka mmoja kabla ya Songea kulichukua taji. Halafu tazama mwaka 1986: ubingwa wa Bara ulikwenda kwa Tukuyu Stars ya Rungwe, na wa Muungano ukaja Songea. Mwaka huo Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga, ilitazama mataji yote mawili yakipanda kwenda Nyanda za Juu Kusini. Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 akisimuliwa haya hudhani anatungiwa hadithi.

Na hayo yalifanyika kutoka mji ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Ukipita Makambako na Njombe, safari ni ya kutwa nzima na zaidi, milima na kona, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake inamfanya mgeni wa pwani aombe sweta kabla hajaomba chai. Timu za Pwani zilizokuja kucheza Songea zilifika zimechoka. Majimaji nayo ilibeba uchovu huo huo kila ilipokwenda ugenini, msimu mzima.

Je, wajua kwa nini mashabiki huiita timu yao Wanalizombe? Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Huchezwa na kundi, ngoma zikijibizana, miguu ikikanyaga chini kwa pamoja, na mcheza hodari hutambulika kabla hajafika katikati ya uwanja. Hutaikosa kwenye sherehe wala kwenye mapokezi ya mgeni wa kitaifa. Timu nyingine zina majina ya utani yaliyobuniwa na wachambuzi wa redio. Hili limetoka kwenye ngoma ya wenyeji, na linatamkika vizuri mno mpira ukiwa wavuni.

Uwanja wa Majimaji unamilikiwa na Chama Cha Mapinduzi, sawa na Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Nyasi zake hazijui soka peke yake: Septemba 2024 lilifanyika hapo Tamasha la Kitaifa la Utamaduni.

Je, wajua kwamba Majimaji imeshuka daraja na kurudi, na kushuka tena? Iliteremka mwisho wa msimu wa 2010/11 pamoja na AFC ya Arusha. Ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikakaa misimu mitatu, kisha 2018 ikashuka pamoja na jirani zake wa Njombe Mji. Msimu wa 2024/25 ulimalizika ikiwa bado nje ya Ligi Kuu. Inauma.

Je, wajua kwamba katika msimu ule wa kurejea, 2015/16, benchi la Majimaji liliwahi kukaliwa na Mfini? Mika Lönnström alitoka nchi ambayo hoki ya barafuni ndiyo mchezo unaosimamisha shughuli mitaani, akaja kufundisha soka Songea. Baada yake akaja Kali Ongala, mtoto wa mwanamuziki Remmy Ongala. Kali mwenyewe aliwahi kusakata kabumbu Sweden.

Na hoki yenyewe, je, wajua kwamba imeshafika Afrika Mashariki? Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo walipolelewa Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada na kuvaa jezi moja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Uwanja wa Panari ni mdogo, haukaribii hata nusu ya uwanja wa kawaida wa mchezo huo, ambao huko Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Vijana wakafanya mazoezi hivyo hivyo.

Mashabiki wa hoki nao wana mila zao. Detroit hurusha pweza uwanjani tangu 1952, kwa sababu enzi hizo timu ilihitaji kushinda mechi nane ili ichukue kombe, na pweza ana mikono minane. Kombe lenyewe, Stanley, lilitolewa mwaka 1892 na gavana mkuu wa Kanada, na majina ya wachezaji wa timu bingwa huchongwa juu yake. Kila mchezaji hupewa siku yake ya kukaa nalo: wapo waliolipeleka kijijini kwa bibi, na wapo waliombatizia mtoto ndani yake.

Mila hiyo ya kuchonga majina ndiyo ninayoitamani Songea. Wachezaji wa 1985, 1986 na 1998 wanastahili ubao ukutani mwa Uwanja wa Majimaji, kikosi kwa kikosi, kuanzia golikipa hadi wa akiba, pamoja na kocha na mtunza jezi. Wengi wa kikosi cha kwanza sasa ni watu wa miaka 60 na kitu. Kama nyumbani kwako kuna picha ya kikosi, tiketi, jezi au gazeti la miaka hiyo, usiliache liliwe na mchwa. Piga nakala, andika nyuma majina ya walio kwenye picha wakati wanaowafahamu bado wapo, kisha peleka nakala moja kwenye ofisi ya klabu na nyingine makumbusho.