Gari Lisikwamishe Mavuno: Jinsi ya Kutambua Ugonjwa wa Klachi na Gia

Mkulima aliyepalilia vizuri, akatia mbolea na kunyunyiza dawa kwa wakati, bado hajapata faida mpaka mazao yafike sokoni. Nyanya hazimngojei fundi. Kwa hiyo yafaa mwenye gari la zamani alijue gari lake kama anavyolijua shamba lake.

Maelezo haya yahusu Land Rover Series III, iliyotengenezwa toka 1971 mpaka 1985, ambayo wakulima wengi wangali wanaitumia. Gari la namna nyingine laweza kutofautiana kidogo, lakini njia ya kutafuta ugonjwa ni ile ile.

NJIA YA NGUVU

Nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi, huingia giaboksi, kisha giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa mbele na nyuma. Hapo hupokewa na propela, yaani chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari, nayo hupeleka kwenye difu. Ndani ya ekseli mna saidi shafti mbili, kila moja ikizungusha gurudumu lake. Gari likigoma, usikimbilie kununua klachi. Fuata njia hii mpaka uone nguvu inapotelea wapi.

KWANZA JILINDE

Breki ya mkono ya gari hili haikamati magurudumu. Hukamata propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kuteremka ingawa umevuta breki hiyo. Watu wamepondwa kwa sababu hii. Basi simamisha gari mahali tambarare, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

1. KLACHI INATELEZA

Ukipanda kilima na mzigo, injini hupiga kelele lakini mwendo hauongezeki, tena husikika harufu ya kuungua. Pima hivi: weka mawe, vuta breki ya mkono, kanyaga klachi, tia gia ya tatu, ongeza moto kidogo, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Pima mara moja tu, maana kurudia huiunguza.

Halafu tazama tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Tundu hilo huzibwa wakati wa kuvuka maji mengi tu. Ukisahau kulizibua, oili hukusanyika ndani na kuilowesha klachi. Oili nyepesi nyeusi yatoka kwenye injini. Mafuta mazito yenye harufu kali yatoka kwenye giaboksi. Mwambie fundi ulichokiona. Kubadili klachi ni kazi kubwa, maana yapasa kung'oa viti na sakafu ili kuitoa giaboksi. Akitia klachi mpya bila kuziba mahali panapovuja, nayo italoweka, na fedha yako itapotea mara ya pili.

2. KLACHI HAIKATI

Gia hukwaruza zinapoingia, hasa ya kurudi nyuma. Fungua boneti, tazama kopo la mafuta ya klachi. Yakiwa yamepungua, tafuta panapovuja: juu ya pedali, au kwenye silinda ndogo iliyo kando ya nyumba ya klachi. Ongeza mafuta ya breki tu. Usitie oili ya injini, kwa kuwa huharibu mipira yote. Pedali ikiwa laini, na ikapata nguvu ukiikanyaga mara kadhaa, ujue mna hewa ndani, itolewe.

3. SAUTI

Washa injini bila kutia gia. Sauti ikianza unapokanyaga klachi, beringi ya klachi imechoka. Sauti ikiwapo mguu ukiwa juu, nayo ikatoweka ukikanyaga, ni beringi ya giaboksi. Pima mafuta ya gia siku hiyo hiyo. Ukisikia mgongo wa chuma kila unapoondoka, zima injini, weka mawe, uitikise propela kwa mkono. Krosi zake zikicheza, zibadilishwe kabla hazijakatika njiani.

4. GARI HALIENDI KABISA

Kwanza tazama mkono mwekundu. Ukiwa katikati, hakuna gurudumu litakalopata nguvu. Usukume mbele mpaka mwisho. Gari likigoma bado, weka mawe, achia breki ya mkono, mtu mmoja atie gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Wewe simama kando, utazame propela ya nyuma. Isipozunguka, ugonjwa uko kwenye klachi au giaboksi. Ikizunguka nawe huendi, saidi shafti ya nyuma au difu imevunjika, na klachi yako haina kosa.

Kama hakuna sauti ya kusaga, bonyeza kifundo cha manjano ili magurudumu ya mbele yavute, nawe utafika nyumbani polepole. Lakini usiitumainie breki ya mkono; weka mawe kila unaposimama.

5. USUKANI MZITO

Kifundo cha manjano ni cha matope na mchanga. Ukikitumia kwenye lami, vyuma hujikaza, usukani huwa mzito, na kifundo hukataa kutoka. Usilazimishe. Rudi nyuma hatua chache, vitalegea.

Mwisho, andika ulichokiona na ulichokisikia kabla ya kwenda kwa fundi. Mgonjwa anayejua panapomuuma hutibiwa upesi, tena kwa gharama ndogo. Kagua gari lako sasa, kabla ya mavuno.