"Maji iko?" ndiyo "Su var mı?": Kituruki kwa sikio la mtu wa Mugunga

Mtu wa Mugunga anafika kwenye bomba na bidoni yake, anauliza: "Maji iko?" Siku ikiwa mbaya anajibiwa: "Maji haiko." Mturuki naye anauliza "Su var mı?", anajibiwa "Su yok." Su ni maji, var ni iko, yok ni haiko, na mı ni alama ya kuuliza tu. Kiswahili cha shule kingesema "Kuna maji?", lakini hapa kile cha barabarani ndicho kinamsaidia mwanafunzi.

Kuna vijana wanaoitafuta lugha hiyo. Serikali ya Uturuki inasomesha wageni kwa mpango wa Türkiye Bursları, na kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha. (Kuomba nafasi ni bure. Anayedai pesa ya fomu ni wa kukimbiwa.) Kuna pia wafanyabiashara wanaofuata nguo Istanbul.

Habari njema ni kwamba Kituruki hakina ngeli. Kinabandika vipande kwenye neno kama Kiswahili, ila kinavibandika nyuma. Ni-na-kaa ni oturu-yor-um: "na" ni yor, "ni" ni um, na inakuja mwisho. Kitenzi chenyewe pia kinafunga sentensi.

Majina ya mahali ndiyo yanachanganya. Sisi tunasema ninakaa Mugunga, ninaenda Mugunga, ninatoka Mugunga, na jina halibadiliki. Mturuki anasema Mugunga'da oturuyorum, Mugunga'ya gidiyorum, Mugunga'dan geliyorum. Hata "sokoni" yetu haitoshi, kwa sababu tunaenda sokoni na tunatoka sokoni kwa -ni ileile.

Ukipanda moto mpaka Sake, vipande vinabadilika: Sake'de, Sake'ye, Sake'den. Vokali ya mwisho ya jina ndiyo inaamua. A, o na u zinavuta a: Goma'da, Bukavu'da. E na i zinavuta e: Masisi'de. Hilo si geni kwetu, maana tunasema piga, pigia, lakini soma, somea. Hakuna aliyetufundisha, mdomo unajua wenyewe.

Hatari iko kwenye kukataa. Sikio letu linangoja "si" au "ha" mwanzoni: nimelipa, sikulipa. Kwa Kituruki, kukataa kunajificha katikati. Parayı ödedim ni nimelipa pesa, parayı ödemedim ni sikulipa. Tofauti ni "me" moja tu. Mchuuzi aliyesimama mbele ya duka la jumla, akiimeza hiyo silabi au akiiongeza bila kujua, ameharibu hesabu yake yote kwa neno moja. Afadhali aseme polepole.

Maneno mengine tayari tunayo, kwa kuwa lugha zote mbili zilikopa kwa Waarabu: kitap, sabun, haber, asker, dakika. Saat pia, ni saa, na "Saat kaç?" ni "Saa ngapi?" Lakini Waturuki wanahesabu kama Wafaransa. Saat dokuz, dokuz ikiwa ni tisa, ni saa tatu yetu ya asubuhi. Kijana aliyeambiwa aje kwenye mahojiano saat dokuz, akafika saa tisa ya Kiswahili, atakuta amechelewa saa sita.