Moteri inayoshuka Ruzizi: karburateri iliyopangwa Kivu inaweza kuchoma pistoni Tanganyika

Kati ya mizigo inayoshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira, kuna moja inayosafiri kimya: moteri ya mashua iliyokwisha kutumika, imelazwa nyuma ya kamioni, imefungwa kamba na kufunikwa bashi. Inapita milima ya Ngomo, inafika Kamanyola, inafuata uwanda wa Ruzizi kupitia Luvungi na Sange, mpaka ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Pale mwenyewe mpya anaifunga nyuma ya mashua yake na kuanza kazi, kuvua ndakala ao kubeba wasafiri.

Chukua mfano wa mnunuzi mmoja. Moteri ilijaribiwa mbele yake juu ya maji ya Kivu. Iliwaka mara ya kwanza kamba ilipovutwa, haikutoa moshi mwingi, mashua ikakimbia vizuri. Akalipa pesa yote. Majuma machache kisha, katikati ya njia ya Uvira na Baraka, moteri inaanza kupoteza nguvu, inalia kama chuma kinachokwaruzana, halafu inakwama. Kamba haivutiki tena. Mashua imejaa watu, upepo unaanza, na ufuko uko mbali.

Mnunuzi atasema aliibiwa. Muuzaji ataapa kwamba moteri ilikuwa nzima. Inawezekana wote wawili wanasema kweli. Kilichobadilika ni hewa, na hakuna aliyeiambia karburateri.

Maziwa mawili, hewa mbili

Maji ya ziwa Kivu yako kwenye urefu wa metre karibu 1.460 juu ya bahari. Yale ya Tanganyika yako kwenye metre karibu 770. Kati ya maziwa hayo, mto Ruzizi unaporomoka karibu metre 700, na ni maporomoko hayo yanayozungusha mitambo ya umeme inayojulikana na kila mkaaji wa Bukavu.

Mtu akipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Juu ya Kivu, mkandamizo wa hewa ni karibu asilimia 84 ya ule wa pwani ya bahari. Juu ya Tanganyika ni karibu asilimia 91. Mtu anayetembea kwa mguu hasikii tofauti hiyo sana. Moteri inaisikia kila mara pistoni inaposhuka, kwa sababu moteri haili esanse peke yake: inakula hewa na esanse kwa kipimo.

Ndiyo maana moteri iliyoandikwa nguvu za farasi 40 haitoi 40 mbele ya Goma ao Bukavu. Inatoa karibu 34. Hakuna fundi anayeweza kurudisha zile sita kwa bisibisi, kwani hewa ya kuzitengeneza haipo. Anachoweza kufanya ni kupunguza esanse ili ilingane na hewa iliyopo. Kazi hiyo ni nzuri na ni ya lazima. Hatari inaanza siku moteri hiyo inaposhuka chini bila kupangwa upya.

Tundu dogo linaloamua yote

Karburateri ni bomba linalokazwa katikati. Hewa ikipita pale penye kukazwa inakimbia zaidi, na mbio hizo zinavuta esanse kutoka katika kikombe kilicho chini. Esanse hiyo inapita kwanza katika kipande kidogo cha shaba chenye tundu, ambacho mafundi wanaita jikleri. Jikleri ina namba iliyochorwa juu yake. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa, na esanse inayopita ni nyingi.

Kwa kawaida moteri za mashua zinatoka kiwandani zikiwa na jikleri zinazofaa urefu wa karibu na bahari. Zikifika Kivu, zinashiba kupita kiasi: moshi mweusi, buji zilizolowana, esanse nyingi kwa safari fupi. Fundi mwenye ujuzi anaweka jikleri ya hatua moja ao mbili chini, na mambo yanatulia.

Lakini bei ya esanse inasukuma watu. Mwenye mashua anaona kwamba kila hatua ya kushuka inapunguza matumizi, anaomba fundi ashuke tena. Moteri inabaki kwenye ukingo: inafanya kazi, lakini haina akiba. Juu ya Kivu inaweza kuvumilia. Ikifika Uvira, hewa inayoingia imeongezeka, tundu limebaki lilelile. Sasa moteri ina njaa.

Tofauti kati ya maziwa haya si kubwa sana kwa jikleri, na joto la Uvira linaipunguza kidogo, kwani hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Mara nyingi ni jambo la hatua moja. Lakini kwa moteri iliyokuwa tayari kwenye ukingo, hatua moja inatosha kuianguisha.

Shiba inachafua, njaa inaua

Moteri yenye shiba ya esanse inakula pesa ya mwenyewe, inachafua buji, inaweza kukataa kuwaka asubuhi. Ni hasara, lakini inarekebishwa. Moteri yenye njaa inaonekana nzuri kwa siku za kwanza: haina moshi, inakunywa kidogo, sauti yake ni kavu. Ndani, moto unazidi. Kichwa cha pistoni kinaanza kuyeyuka, ao pistoni inavimba na kukwama ndani ya silindri.

Kwa moteri za mipigo miwili ambazo esanse yake inachanganywa na mafuta ndani ya bidoni, kuna adhabu ya pili. Mafuta yanayolainisha pistoni yanasafiri ndani ya esanse. Ukipunguza esanse, umepunguza pia mafuta. Joto linaongezeka saa ileile ulaini unapopungua. Anayeongeza mafuta katika bidoni akidhani anaikinga moteri anaweza kuongeza njaa, kwa sababu mafuta yanachukua nafasi ya esanse ndani ya tundu lilelile. Kipimo ni kile cha kitabu cha moteri. Kwa nyingi za siku hizi ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esanse.

Tena mashua si gari. Gari linapanda mlima, kisha linashuka na moteri inapumzika. Mashua yenye mzigo inapanda mlima tangu kuondoka mpaka kufika, mkono ukiwa umefungua gazi yote kwa masaa. Kosa ambalo pikipiki ingelivumilia mjini, mashua hailivumilii.

Somo kutoka mashua za mbio za Marekani

Sheria hiyohiyo inaonekana wazi zaidi mahali ambapo watu wanaongeza hewa kwa makusudi. Huko Marekani, wapenzi wa mashua za mbio wanafunga juu ya moteri ya silindri nane kompreseri, yaani mtambo unaosukuma hewa ndani kwa nguvu. Aina moja maarufu inaitwa Roots, jina la ndugu wawili wa mji wa Connersville, katika jimbo la Indiana, Philander na Francis Roots. Walipata hati ya uvumbuzi wao mwaka 1860, kabla ya gari la kwanza la esanse kuonekana barabarani. Baadaye kampuni General Motors iliutumia mtambo wa namna hiyo kwenye moteri zake za mazutu za mipigo miwili, zikiwemo zile zilizosukuma mashua za kushushia askari ufukoni wakati wa vita ya pili ya dunia. Kisha vita, vijana wa mbio walizichukua kompreseri hizo na kuzipandisha juu ya moteri za esanse.

Kompreseri inayoongeza nusu ya mkandamizo wa kawaida inaipa moteri karibu mara moja na nusu ya hewa. Basi inahitaji karibu mara moja na nusu ya esanse. Karburateri, mara nyingi mbili, zinakaa juu ya kompreseri, na hapo kuna mtego. Ndani ya karburateri nyingi za Marekani kuna mlango mdogo unaofungua esanse ya ziada wakati moteri inabeba mzigo. Mlango huo unafuata mvuto wa hewa chini ya karburateri: mvuto ukipungua, unafunguka. Sasa kompreseri inaendelea kunyonya pale chini ya karburateri hata moteri inapofanya kazi kwa nguvu. Mlango unadanganyika, unaweza kubaki umefungwa wakati esanse inatakiwa zaidi. Kwa sababu hiyo mafundi wanaleta mpira mwembamba kutoka chini ya kompreseri, karibu na silindri, ili mlango upate habari ya kweli. Asiyefanya hivyo anaweza kutoboa pistoni kwa mbio moja.

Moteri ya farasi 40 ya mvuvi wa Fizi haina kompreseri. Lakini kushuka kutoka Kivu mpaka Tanganyika ni kama kufungiwa kompreseri ndogo: mkandamizo wa hewa unaongezeka karibu asilimia 8 bila mtu kugusa kitu.

Kabla moteri haijagusa maji mapya

Kazi ya kwanza ni kuuliza moteri ilipangwa kwenye ziwa gani, kisha kufungua karburateri na kusoma namba ya jikleri. Namba hiyo inalinganishwa na ile ya kitabu. Moteri yenye karburateri mbili ao tatu inapata jikleri sawa na kitabu kwa kila moja, kwani silindri moja yenye njaa inatosha kuharibu moteri nzima.

Kazi ya pili ni kuanza kwa upande wa shiba. Fundi anaweka namba kubwa, halafu anashuka hatua moja moja. Hata wale wa mbio huko Marekani wanaanza hivyo, kwani buji iliyochafuka ni bei ndogo kuliko pistoni.

Kazi ya tatu ni kujaribu juu ya maji, na mzigo wa kawaida, karibu na ufuko, kasia zikiwa ndani na mashua nyingine ikiwa karibu. Moteri inakimbizwa gazi yote kwa dakika chache, halafu inazimwa mara moja bila kupunguzwa polepole. Buji zinatolewa na kusomwa. Nyeusi na yenye majimaji ni shiba. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeupe, ao yenye vidoa vidogo vya chuma, ni njaa: moteri isikimbizwe tena mpaka jikleri ibadilishwe.

Kuna makosa matatu yanayorudia. Kosa moja ni kuzungusha skurubu ya ralanti na kuamini kwamba moteri imepangwa. Skurubu hiyo inahusu mwendo wa polepole. Gazi ikifunguliwa yote, jikleri kubwa ndiyo inaamua. Lingine ni kuzibua jikleri kwa waya wa chuma. Waya unapanua tundu, na namba iliyochorwa juu yake inakuwa uongo. Hewa ya pompi inatosha. La tatu ni kusahau uchafu. Esanse inayonunuliwa barabarani kwa wale wanaoitwa Kadafi inaweza kuwa na maji ao mchanga, na chembe moja ndani ya tundu inaleta njaa hata kama jikleri ni ya namba nzuri. Filta safi na kitambaa cha kuchujia havigharimu sana.

Elisi nayo inaangaliwa. Ile iliyochaguliwa kusaidia moteri dhaifu juu ya Kivu inaweza kuiacha izunguke kupita mpaka wake ikifika Tanganyika.

Kwa moteri inayopanda, kutoka Kalemie ao Uvira kuelekea Bukavu, hesabu inageuka. Haitakufa kwa njaa, itashiba na kukohoa, na jikleri itashushwa. Lakini mwenyewe asisahau zile nguvu ambazo hazirudi. Mashua iliyobeba mzigo fulani bila shida huko chini inahitaji kubeba kidogo huku juu. Kulazimisha mzigo uleule ni kuomba moteri kazi isiyoweza, na wasafiri ndio watakaolipa.

Samaki anayeitwa sambaza alitolewa Tanganyika na kupandishwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, akazoea, leo analisha miji. Moteri haina uwezo huo wa kuzoea peke yake. Mafundi wengine wana desturi rahisi: ndani ya kofia ya moteri wanaandika kwa rangi namba ya jikleri, jina la ziwa na tarehe. Mistari hiyo mitatu ingalimwonya mnunuzi wa Uvira kabla hajaondoka ufukoni.