Aliyesimama nyuma

Waliokwenda kuitazama bendi ya roki ya AC/DC jukwaani walikwenda kumtazama Angus Young: kaptura ya shule, tai, na gitaa la solo lisilotulia. Kaka yake, Malcolm, alisimama nyuma karibu na drams. Alisogea mbele kuitikia kiitikio tu, kisha akarudi mahali pake. Yeye ndiye aliyepiga rithimu. Na mwenye sikio la magitaa anajua: solo ikiteleza, wimbo unaendelea, rithimu ikiyumba, wote wanayumba.

Mwaka 2014 Malcolm aliacha muziki kwa maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki tarehe 18 Novemba 2017. Nafasi yake hakupewa mgeni. Aliishika Stevie Young, mtoto wa kaka yao mkubwa. Kwa hesabu zetu Angus ni baba yake mdogo, ingawa wamepishana mwaka na miezi tu. Stevie hakuwa mwanagenzi: mwaka 1988 alishamshikia Malcolm gitaa hilo katika ziara ya Marekani.

Wengine nao wakapukutika. Mpiga drams Phil Rudd aliwekwa kando na kesi yake New Zealand. Mwaka 2016 madaktari walimwonya mwimbaji Brian Johnson kwamba akiendelea na ziara atakuwa kiziwi. Mwimbaji Axl Rose akaja kuimalizia ziara hiyo. Mpiga besi Cliff Williams akaaga. Wakabaki Angus na mtoto wa kaka yake, na mimi, nakiri, niliwazika.

Kumbe! Tarehe 13 Novemba 2020, siku tano kabla ya Malcolm kutimiza miaka mitatu kaburini, ikatoka albamu ya Power Up, iliyorekodiwa Vancouver. Johnson, Rudd na Williams wote wamo. Nyimbo ni 12, na zote watunzi wake ni Angus na Malcolm. Hiyo si heshima ya msibani. Angus alifukua vipande walivyowahi kurekodi pamoja, vingi vya kabla ya albamu ya Black Ice ya mwaka 2008, akavijengea nyimbo.

Power Up haifikii Back in Black ya 1980, ambayo nayo ilizaliwa na msiba, wa mwimbaji Bon Scott. Nyimbo kadhaa za mwishoni zinafanana mno. Lakini sikiliza gitaa lile la pili: kavu, halina madoido, halikimbii wala halichelewi. Mara mbili nimejisahau nikadhani ni Malcolm.

Ziara ya 2024 ilianza bila Rudd wala Williams. Drams alikaa Matt Laug, besi akashika Chris Chaney. Stevie alikuwapo, nyuma, karibu na drams.