JERAHA DOGO LA KICHWA: WAKATI GANI MTU APELEKWE KWA TABIBU

Mtu huanguka kutoka mwembeni, huteleza mtumbwini au huangushwa na pikipiki, kisha akainuka na kusema hana neno. Mara nyingi huwa kweli. Hata hivyo, wananchi wanakumbushwa kwamba pigo la kichwa huweza kuficha madhara yake. Mshipa uliopasuka ndani ya fuvu huvuja damu kidogo kidogo. Na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu hiyo huubana ubongo. Aliyezungumza vizuri mchana huweza kuzimia usiku.

Kwa mkazi wa Wampembe, wilayani Nkasi, jambo hili lina uzito wa pekee. Kutoka kando ya Ziwa Tanganyika, safari ya kwenda Namanyere au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga ni ndefu, tena ya kupanda milima. Anayesubiri dalili zizidi huenda akaianza safari hiyo wakati mgonjwa amekwisha kuzidiwa.

Majeruhi afikishwe bila kukawia katika kituo cha tiba kilicho karibu, ili tabibu aamue kama apewe rufaa, iwapo itaonekana dalili hata moja kati ya hizi:

(a) kupoteza fahamu, hata kwa muda mfupi;
(b) kutapika mara kwa mara, au maumivu ya kichwa yanayozidi;
(c) kupatwa na kifafa;
(d) kusinzia kupita kawaida, kuwa mgumu kuamka au kusema yasiyoeleweka;
(e) mkono au mguu kulegea, kuona kitu kimoja kama viwili, au mboni za macho kutolingana;
(f) kutokwa damu au majimaji puani au masikioni.

Watoto wachanga, wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wapelekwe hata kabla ya dalili kuonekana. Aliyelewa naye asiachwe kwa kudhaniwa kwamba ni pombe tu. Anayelalamikia shingo asiinuliwe ovyo.

Asiye na dalili apumzike nyumbani chini ya uangalizi wa mtu mzima kwa saa 24 za mwanzo. Kulala hakukatazwi, ila aamshwe mara kwa mara na kuulizwa jina lake na mahali alipo. Kwa maumivu atumie parasetamoli. Aspirini iepukwe, kwani huzidisha kuvuja damu.

Tahadhari kabla ya hatari.