Firdausi ya Juja

Firdausi tunayoiomba katika dua ilikuwa kwanza bustani ya Uajemi: mfalme alizungusha ukuta, akapanda miti, akawinda humo bila bughudha. Koreshi, mwasisi wa milki ya Uajemi, aliyefariki mwaka 530 KK, alikuwa na bustani yake Pasargadae, na kaburi lake lingali limesimama huko.

Atokaye Ruiru kwa matatu kwenda Thika hupita Juja, palipokuwa na firdausi ya mtu mmoja. William Northrup McMillan, tajiri wa St. Louis, Marekani, alijitwalia maelfu ya ekari hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ndiyo kwanza ametoka ikulu, alifikia kwake kuwinda. Hata jina la Juja, husimuliwa, ni la vinyago viwili alivyovileta kutoka Afrika Magharibi, Ju na Ja. Hadithi hiyo naipenda kuliko ninavyoiamini.

McMillan alifariki mwaka 1925, na wengi huishia hapo: mwenyewe kaondoka, mali ikasambaratika. Jibu hilo ni jepesi mno. Koreshi naye alikufa, na mwanawe Kambise akatawala miaka minane tu. Lakini mfalme Dario wa Kwanza aliigawa milki katika majimbo, kila jimbo na liwali wake na kodi yake, na barabara ikaunganisha Sardi na Susa. Milki hiyo iliishi karibu miaka 200 baada ya mwasisi wake, hadi Alexander alipoivunja mwaka 330 KK.

Walowezi wa kizazi cha McMillan hawakuwa na mfumo wa namna hiyo. Walikuwa na hati. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa ukodishaji wa miaka 999, na bendera ya Uingereza iliyoulinda ikashushwa 1963, miaka 48 tu baadaye. Hati ile ilisimama juu ya serikali moja, na waliolima mashamba hawakuwa na fungu ndani yake. Wayahudi walimkumbuka Koreshi kwa kuwaruhusu kurudi kwao kutoka Babeli. Sijakutana na Mkikuyu wala Mkamba anayemkumbuka McMillan hivyo.

Alizikwa kwenye mteremko wa Kilimambogo. Kusudi lilikuwa kileleni, lakini inasemekana gari lililobeba mwili lilishindwa na mwinuko, wakachimba kaburi njiani. Mlima ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na mbogo walioupa jina wangalimo.

Kule bondeni, Juja imejaa hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu, na Ruiru mibuni inang'olewa kupisha nyumba. Mitaa mipya inazungushiwa ukuta na kupandwa nyasi za kumwagiliwa. Langoni kuna askari mwenye daftari, anayekuuliza unakwenda kwa nani na kukuambia uache kitambulisho.